Jina lililoandikwa mwilini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Waramnami na ibada iliyoukataa ubaguzi wa kasta

Kila baada ya muda picha hii hurudi kwenye simu zetu: bibi wa Kihindi ameketi chini, uso wake wote umejaa maandishi madogo meusi kuanzia paji hadi kidevu, na kichwani amevaa taji la manyoya ya tausi. Maswali yanayofuata hayabadiliki. Ni mchawi? Alifungwa? Alichorwa kwa nguvu? Hapana kwa yote matatu. Ameandikwa jina la Mungu, kwa hiari, kwa sababu babu zake walikatazwa kuingia katika nyumba ya Mungu.

Majibu haya yanaanzia kwenye mambo ya mwanzo na kuishia kwenye yale yenye ubishi. Kila moja linajitegemea. Panapogusana na jingine nimeelekeza.

## Mambo ya mwanzo

Kasta ni nini? Si ndiyo matabaka ya matajiri na maskini?

Sivyo. Tabaka la uchumi mtu hulipanda na kulishuka: ukifungua duka umepanda, duka likiungua umeshuka. Kasta mtu huzaliwa nayo. Anaweza kusoma hadi shahada ya juu, akahamia mji asikojulikana na yeyote, na bado jina lake la ukoo likamtangulia mlangoni. Wahindi wenyewe katika mazungumzo ya kila siku husema jati, yaani kundi la uzao, lenye kazi yake ya kurithi, watu wake wa kuoana nao na watu wake wa kula nao.

Juu wamekaa Wabrahmini, ukoo wa makuhani na wasomi wa maandiko. Chini kabisa, na kwa kweli nje ya ngazi yenyewe, waliwekwa watu wa kazi zilizohesabiwa kuwa najisi: kuchuna ng'ombe waliokufa na kutengeneza ngozi, kufagia, kuzoa kinyesi. Hao ndio walioitwa "wasioguswa". Wengi wao leo hujiita Dalit, maana yake waliopondwa, na jina hilo walilichagua wenyewe. Serikali huwaita kasta zilizoorodheshwa, na kwa sensa ya mwaka 2011 walikuwa kama milioni 201, asilimia 16.6 ya watu wote wa India.

Kutoguswa kulikuwaje, kwa vitendo?

Anza na maji. Mwanamke wa kasta ya chini alikuja kisimani na mtungi wake, lakini hakuteka. Alisimama kando akangoja mtu wa kasta ya juu atakayemwonea huruma, amimine maji kutoka juu, kwa umbali, vyombo visigusane. Asipotokea mtu alirudi na mtungi mtupu, au akaenda kuchota dimbwini. Kwenye vibanda vya chai kikombe chake kiliwekwa peke yake, na akimaliza alikiosha mwenyewe. Mtoto wake, akikubaliwa shuleni, alikaa mbali na wenzake.

Hekaluni hakuingia. Huko Kerala, kusini kabisa mwa India, hata barabara zilizopita karibu na baadhi ya mahekalu zilikuwa marufuku kwake. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 ilikomesha mambo haya katika kifungu cha 17, na mwaka 1989 ikatungwa sheria ya kuwaadhibu wanaowatendea ukatili watu wa kasta hizi. Sheria zipo. Na vikombe vya kando navyo, katika baadhi ya vijiji, bado vipo.

Ibada inawezaje kuwa upinzani? Kupinga si maandamano na mgomo?

Tazama ubaguzi huu ulikuwa umesimama juu ya nini. Mtu alipozuiwa kisimani hakuambiwa kwamba maji ni machache. Aliambiwa yeye ni najisi, kwamba mbingu ndizo zilizompanga hivyo, na kwamba hata kinywa chake hakistahili kulitamka jina takatifu. Nyumba nzima iliegemea nguzo hiyo. Sasa mtu yule yule akiamka alfajiri akalitamka jina hilo kwa sauti, bila kuhani wala ruhusa, na jua likachomoza kama jana, nguzo imebaki na nini?

Njia hii ya kumwendea Mungu kwa mapenzi, bila dalali, Wahindi huiita bhakti. Si kila bhakti ilikuwa upinzani. Wafalme waliiimba, na Wabrahmini pia. Lakini katika kinywa cha fundi viatu au mfuma nguo ilikuwa na makali mengine.

## Waramnami

Waramnami ni akina nani, na wanaishi wapi?

Ni jumuiya ya waumini wa Chhattisgarh, jimbo la katikati ya India lililomegwa kutoka Madhya Pradesh mwaka 2000. Vijiji vyao viko kando ya mto Mahanadi, katika nchi ya mashamba ya mpunga. Karibu wote wanatoka katika jati ya Chamar, jina lenye asili ya neno la ngozi, ingawa kwa vizazi wengi wao wamekuwa wakulima na vibarua wa mashambani. (Kabla ya kulitumia jina hilo, soma swali la majina katika sehemu ya mwisho.) Neno lenyewe ni jepesi kulifungua: nam ni jina, na Ramnami ni mtu wa jina la Ram, moja ya majina ya Mungu kwa Wahindu.

Hawana hekalu, sanamu wala makuhani. Hawali nyama, hawanywi pombe, hawavuti tumbaku.

Jumuiya hii ilianzaje?

Katika miaka ya 1890, kijijini Charpara, alikuwako mtu aitwaye Parasuram. Wafuasi wake husimulia kwamba alipatwa na maradhi ya ngozi kama ukoma, akaazimia kuihama familia yake asije akaiambukiza. Sadhu mmoja, yaani mtawa wa Kihindu, akamwombea, akamwambia adumu katika jina la Ram. Kulipokucha ngozi ilikuwa safi, na kifuani pameandikwa Ram-Ram. Habari zikaenea, watu wakamiminika, na haukupita muda wenzake nao wakaanza kujiandika.

Sina haja ya kuamua kama muujiza ulitokea. Kinachonishika mimi ni mahali jina lilipojitokeza: juu ya ngozi, tena ngozi yenye ugonjwa, tena ya mtu ambaye ukoo wake ulidharauliwa kwa sababu ya ngozi za wanyama. Kama ni simulizi tu, basi walioitunga walijua vizuri jeraha lao liko wapi.

Kwa nini wajichore mwilini? Si wangejenga hekalu lao wenyewe?

Hekalu hujengwa kwenye kiwanja, na viwanja vilikuwa vya wengine. Hekalu hufungwa, huchomwa, huwekewa mlinzi. Kitabu hunyang'anywa, na wengi wao hawakufundishwa kusoma. Mwili ndio uliobaki, nao hakuna awezaye kukuvua.

Lipo na jambo la ndani zaidi. Mwenye kudai kwamba mwili huu ni najisi hana budi sasa kusema kwamba jina lililo juu yake nalo limenajisika, na hilo hakuna Mhindu athubutuye kulisema. Mwenye kuinua fimbo anaona shabaha yake imeandikwa Ram. Watu walioambiwa hawagusiki walijivika kitu ambacho mtesi wao hakuweza kukitukana bila kujitukana. Hawakurusha jiwe hata moja, na bado walimpokonya mtesi silaha yake kubwa kuliko zote.

Tatuu hizo huchorwaje?

Wino ni masizi ya kibatari, au koroboi kama wengine tunavyosema. Taa ya mafuta ya taa huwashwa, masizi yake hukusanywa na kukorogwa na maji. Kisha sindano hufuata umbo la herufi mbili za Kidevanagari, mwandiko wa lugha ya Kihindi, राम, nukta baada ya nukta, na jina likiisha linaanza upya pembeni yake. Hakuna ganzi. Wino mbichi ni mweusi ti. Kwa mzee wa miaka mingi umekwisha kugeuka rangi ya buluu iliyofifia, na herufi zimetanuka pamoja na mikunjo ya ngozi.

Wapo wenye jina moja tu kifuani au mkononi. Wapo wa paji la uso, wa uso mzima, na wapo wa mwili wote, ambao huitwa nakhshikh, "kuanzia ukucha hadi kishungi cha nywele". Sisi tungesema kutoka utosini hadi unyayoni. Mtoto wa jumuiya kwa mazoea alipewa angalau jina moja, kifuani, akiwa bado mdogo. Wanawake huandikwa sawa na wanaume.

Huyu Ram ndiye yule mfalme wa Ramayana, utenzi mkubwa wa kale wa India, mwenye upinde na mishale?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ram wa Waramnami hana umbo, hana baba, hana mji aliozaliwa. Wahindi wana neno la Mungu wa namna hiyo, nirgun, asiye na sifa za kuelezeka. Kabir, mfuma nguo wa Varanasi wa karne ya 15 aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu, aliliimba jina la Ram kwa maana hiyo hiyo. Ukimsikia Mramnami akirudia Ram-Ram usiwaze picha ya shujaa. Msomaji aliyekulia karibu na zawiya pwani atakuwa na picha bora zaidi: ni kama dhikiri, jina linalorudiwa hadi anayelitaja asahau kwamba yuko kwenye kutaja.

Kutokuwa na umbo kulikuwa na faida. Ram asiye na sanamu hahitaji chumba cha ndani cha hekalu, wala kuhani wa kumvisha na kumlisha, wala mlinzi wa kuuliza wewe ni wa ukoo gani.

Ibada yao inafanyikaje?

Huketi chini kwa duara. Kila mmoja amejitanda shuka nyeupe ya pamba iliyopigwa chapa ya jina la Ram mistari kwa mistari, hivyo kwa mbali huwezi kujua nguo imeishia wapi na ngozi imeanzia wapi. Baadhi wamevaa taji la manyoya ya tausi. Mikononi wana njuga, zile kengele ndogo ambazo kwingine huvaliwa miguuni na wachezaji, nao huzigonga chini pamoja: chwa, chwa, chwa. Hicho ndicho chombo chao. Juu ya mdundo huo sauti hupanda, na katikati ya kila ubeti hupachikwa Ram-Ram, hadi jina linazidi maneno mengine yote.

Beti wanazoimba nyingi zimetoka katika Ramcharitmanas, utenzi wa habari za Ram ulioandikwa na Tulsidas, Mbrahmini wa karne ya 16. Hapo msomaji mwerevu husimama na kuuliza: si kitabu hicho kina mistari ya kuwadharau? Kinayo. Upo mstari mashuhuri unaompanga shudra, mtu wa tabaka la chini, pamoja na ngoma, mnyama na mwanamke, na ambao wengi huusoma kuwa unasema wote wanastahili kipigo. Waramnami walipojifunza maana ya beti walizokuwa wakiimba kwa kukariri, walizipepeta kama mchele kwenye ungo. Za kumtukuza Mbrahmini na kasta zikatupwa. Za kulisifu jina na huruma ya Mungu zikabaki. Kisha wakaanza kujadiliana kwa beti hizo hizo, mmoja akitoa hoja kwa ubeti na mwenzake akimjibu kwa mwingine, bila njuga kusimama. Mjadala huo wanauita takkar, yaani kugongana. Fikiria watu walionyimwa darasa wakifanya ukosoaji wa maandiko kwa kuimba, katikati ya uwanja wa kijiji.

Mara moja kwa mwaka, wakati wa baridi mwezi wa Desemba au Januari, hukutana kwa siku tatu katika mkutano mkubwa uitwao Bhajan Mela, kila mwaka kijiji kingine. Katikati husimamishwa nguzo nyeupe iliyoandikwa Ram pande zote.

Walipata upinzani?

Walipata, na mkali. Watu wa kasta za juu waliona jina lao limeibwa, na Waramnami walitukanwa na kushambuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 mgogoro ulifika mbele ya mahakama ya Waingereza, na Waramnami wakashinda: haki yao ya kulitumia jina la Ram ikatambuliwa. Tangu hapo jibu lao likawa fupi: Ram si mali ya mtu.

Ushindi huo naupenda kwa sababu moja. Hawakwenda kuomba waingizwe hekaluni. Walikwenda kutetea kile walichokuwa nacho tayari.

## Waliotangulia na wa jirani

Je, wao ndio wa kwanza?

La. Katika Chhattisgarh hiyo hiyo walitanguliwa na Wasatnami, wafuasi wa Guru Ghasidas (1756–1850) wa Girodpuri, aliyewafundisha watu wa jati hiyo kuacha sanamu, nyama na pombe, na kumwabudu Satnam, Jina la Kweli. Kabla yake alikuwako Ravidas wa Varanasi, fundi wa ngozi aliyeimba juu ya Begampura, mji usio na huzuni, usio na kodi, ambamo kila mtu hutembea atakako. Nyimbo zake kama 40 zimo ndani ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga.

Kila kundi lilipita njia yake. Wasatnami walijenga ukoo wa maguru, yaani walimu wa kiroho. Waramnami hawakutaka guru wa kurithishana.

Chokhamela ni nani, mbona anatajwa sana?

Kwa sababu habari zake zinauma kuliko zote. Aliishi Maharashtra katika karne ya 14, mtu wa jati ya Mahar, ambayo kazi yake ilikuwa kuondoa mizoga kijijini. Alimpenda Vitthal, mungu wa hekalu la Pandharpur, na hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Alisimama nje akaimba. Katika wimbo wake mmoja anauliza: muwa umepinda, je, maji yake nayo yamepinda? Mkewe Soyarabai alikuwa mkali kuliko yeye. Yeye aliuliza mwili gani usiotoka katika uchafu wa kuzaliwa, na kama kila mwili umetoka humo, ni nani basi aliye safi?

Chokhamela alikufa mwaka 1338, ukuta aliokuwa akijenga kwa kazi ya kulazimishwa ulipomwangukia pamoja na vibarua wenzake huko Mangalvedha. Simulizi inasema rafiki yake Namdev alikwenda kuitafuta mifupa kwenye kifusi, akawa anaweka kila mfupa sikioni. Ile iliyotoa sauti "Vitthal, Vitthal" ndiyo aliyoichukua. Akaizika chini ya ngazi za hekalu, mbele ya mlango.

Yuko hapo mpaka leo. Mahujaji humwinamia kwanza ndipo wapande. Watu wa jati yake waliendelea kuzuiwa pale pale kaburini pake kwa zaidi ya miaka 600, hadi mwaka 1947, baada ya mwalimu na mpigania uhuru Sane Guruji kufunga kula akidai mlango ufunguliwe.

Na kule Kerala?

Huko kisa kikubwa ni cha Narayana Guru, mtu wa jati ya Ezhava, watu ambao kazi yao ya kurithi ilikuwa ugema. Usiku wa Shivaratri, sikukuu ya mungu Shiva, mwaka 1888, mahali paitwapo Aruvippuram, alizama mtoni Neyyar, akaibuka na jiwe, akalisimika kuwa Shiva. Kazi hiyo ilikuwa ya Wabrahmini peke yao. Alipoulizwa kwa haki gani, inasemekana alijibu kwamba aliyemsimika ni Shiva wa Waezhava. Hakuna aliyejua la kumjibu.

Mwaka 1924 ikafuata satyagraha, yaani upinzani usiotumia nguvu, ya Vaikom, ya kudai barabara za kuzunguka hekalu, ambayo Gandhi na Periyar, mpinga kasta wa nchi ya Kitamil, walijiingiza, na tarehe 12 Novemba 1936 mfalme wa Travancore, ufalme wa huko huko, akatangaza mahekalu ya serikali yawe wazi kwa Wahindu wote.

## Maswali yenye ubishi

Ambedkar alisema nini juu ya haya? Si alikataa njia ya ibada?

Aliikataa, baada ya kujaribu njia ya karibu nayo. B. R. Ambedkar, Mmahar kama Chokhamela, mwanasheria na mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba, aliongoza mwaka 1927 watu waliokwenda kunywa maji ya bwawa la umma huko Mahad. Tarehe 2 Machi 1930 alianzisha satyagraha ya kuingia hekalu la Kalaram mjini Nashik, hekalu la Ram. Miaka ikapita, mlango haukufunguka. Mwaka 1935, huko Yeola, alitangaza kwamba amezaliwa Mhindu lakini hatakufa Mhindu. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na umati wa watu wa malaki. Miongoni mwa viapo 22 alivyowapa, kimoja kinasema hawatamwamini wala kumwabudu Ram.

Hivyo tuna watu wawili waliotoka katika dhuluma moja. Mmoja anaapa kutolitaja jina. Mwingine anajidunga nalo sindano mwili mzima. Nimelifikiria hili sana, na siwezi kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea. Ambedkar aliona kwamba ukibaki nyumbani kwa mwenye nyumba utabaki mpangaji. Parasuram alikataa kwamba nyumba ni ya huyo anayejiita mwenyewe. Hoja ya Ambedkar nadhani ndiyo yenye nguvu zaidi katika mambo ya ardhi, shule na ajira: jina mwilini halikumpa kibarua shamba lake. Lakini heshima nayo ni riziki, na walioipata hawakungoja bunge.

Hadithi za hawa watakatifu hazitumiki kuwatuliza wanyonge?

Hutumika, na ni vizuri kuwa macho. Chukua ya Kanakadasa wa Udupi, Karnataka. Alizuiwa kuingia akaimba nyuma ya hekalu, na sanamu ya mungu Krishna, wanasema, ikageuka, ukuta ukapasuka, akamwona mungu wake kupitia tundu. Watu husimulia kwa machozi. Lakini tazama: mungu amegeuka, mlango haujafunguliwa, na Kanakadasa bado yuko nje. Nandanar wa nchi ya Kitamil ni mbaya zaidi: ili aingie hekalu la Chidambaram ilimbidi apite motoni kwanza atakaswe, atoke na sura ya Mbrahmini. Hadithi ya namna hiyo imekubali kwamba mwili wake wa kwanza ulikuwa mchafu.

Mimi hutumia kipimo kimoja: mwisho wa hadithi, nani amebadilika? Kwa Waramnami mwili haukutakaswa uwe wa mtu mwingine. Umebaki ule ule, umeandikwa.

Je, Waramnami ndio wale waliobomoa msikiti wa Ayodhya?

Hapana. Msikiti wa Babri, huko Ayodhya, mji wa kaskazini mwa India, ulibomolewa tarehe 6 Desemba 1992 na umati wa wafuasi wa siasa za utaifa wa Kihindu, wanaodai kwamba Ram alizaliwa mahali hapo. Jumuiya ya Waramnami ilikuwa imeanza karne moja kabla, na Ram wao, kama nilivyoeleza katika swali la Ram wa Ramayana, hana mahali alipozaliwa. Mwislamu wa Mombasa au Zanzibar ana haki ya kuuliza, maana kelele za jina moja zimefunika minong'ono yake ya zamani.

Na Gandhi?

Waliokuwa wakiitwa "wasioguswa" yeye aliwaita Harijan, watu wa Mungu, na alikusudia mema. Dalit wengi wanalikataa jina hilo wakiona ni la kuhurumiwa.

## Leo, na huku kwetu

Vijana wa Kiramnami bado wanajichora?

Wachache mno. Kijana anayetoka kijijini kwenda mjini kutafuta kazi hataki uso utakaomtangaza kabla hajafungua kinywa. Wengi huvaa shuka, huimba na wazee, hupokea jina dogo sehemu isiyoonekana au hawapokei kabisa. Waliojaa jina mwili mzima ni wazee, na wanapungua kila mwaka.

Inasikitisha, lakini naisoma kwa pande mbili. Wajukuu hawa wamesoma shule ambazo babu zao walifungiwa, na katiba inawalinda japo kwa kusuasua. Ngao ikiwekwa chini kwa sababu mishale imepungua, hiyo ni habari njema. Ikiwekwa chini kwa sababu mwajiri anaiangalia vibaya, ubaguzi umehamia ofisini tu.

Kasta zilifika Afrika Mashariki?

Zilifika na majahazi na reli. Wahindu waliohamia Kenya, Uganda na Tanganyika walijipanga kwa jumuiya za kijati, Walohana, Wapatel na wengine, kila moja na ukumbi wake, na mara nyingi ndoa zikafuata mipaka hiyo. Wafuasi wa Ravidas kutoka Punjab nao walikuwamo miongoni mwa wahamiaji, na baadaye wengi wakaendelea hadi Uingereza. Waramnami wenyewe walibaki Chhattisgarh.

Kuna jambo la kufanana nalo katika historia yetu?

Utumwa si kasta, na sitaki kuvilinganisha kama mapacha. Lakini anayejua Lamu atamkumbuka Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliyewafundisha dini watumwa na watoto wa watumwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati baadhi ya waungwana wa mji waliona elimu hiyo haiwafai. Aliwakusanya Langoni, Maulidi yakasomwa kwa matari, na Msikiti wa Riyadha ukasimama. Hakumpiga mtu. Walioambiwa mahali pao ni nyuma walikaa mbele wakimsalia Mtume.

Kuhusu tatuu, wengi huuliza kama ni sawa na chale za Wamakonde. Zote ziko usoni, basi. Chale zilimtambulisha Mmakonde kwa watu wake; jina la Ram liliandikwa kwa wale waliokataa kumtambua mwenye nalo.

Niwaite vipi? "Chamar" ni tusi?

Katika maandishi ya historia, kama haya, neno hilo hutumika kwa kuwa ndilo jina la jati. Kumwita mtu hivyo kwa dharau nchini India ni jambo la kukufikisha mahakamani. "Wasioguswa" liache kwenye alama za kunukuu. Sema Dalit, au bora zaidi, sema Mramnami.

Nikipenda, naweza kujichora kama wao?

Hakuna wa kukuzuia, kwa maana wao wenyewe hawamzuii mtu wa kasta wala dini yoyote kulitaja jina. Ila jua kwamba kwao linakuja na kuacha nyama na pombe, na kuimba kila siku. Wino bila hayo ni pambo.

Nikikutana na mmoja wao nimsalimie vipi?

Unganisha viganja kifuani, useme "Ram-Ram". Vijijini kaskazini na kati mwa India ni salamu ya kila mtu, mkulima kwa mkulima njiani, na ukiisema hakuna atakayekuuliza ukoo. Atakuitikia hivyo hivyo, mara mbili: Ram-Ram.